Aliyewauliza Wapashtun Wanataka Nini Alipigwa Risasi

Kuna kauli moja nimechoka nayo, wasee. Kila Afghanistan inaporudi kwenye habari, lazima mtu aseme Wapashtun ni watu wa vita. Ati wamezaliwa na bunduki mkononi. Ati Taliban ni chaguo lao na wametulia nalo. Nimeisikia kwa watu wazima wenye digrii zao, na nimeisikia kwa vijana wa rika langu waliopiga makofi Agosti 2021 Kabul ilipoanguka, juu kwao stori ilikuwa moja tu: Mmarekani amepigwa.

Mimi nasema hivi. Hicho mnachokiita msimamo wa Wapashtun kilitengenezwa. Kilitengenezwa na serikali ambazo kwa zaidi ya miaka arobaini zimekuwa zikichagua kundi la kulipa kwenye vita vya jirani, Pakistan ikiwa mbele. Na bili ya huo mchezo wamelipa Wapashtun wenyewe.

Tuanze na ramani. Mwaka 1893 Mwingereza mmoja, Mortimer Durand, alikubaliana na Amiri Abdur Rahman wa Kabul kuhusu mpaka, na mstari wa kama kilomita 2,600 ukapita katikati ya koo za watu, mashamba yao na makaburi yao. Hapa Kenya hatuhitaji kufafanuliwa hiyo. Muulize Mmaasai wa Namanga ama Msomali wa Mandera. Leo Wapashtun wengi wako Pakistan kuliko Afghanistan. Ni zaidi ya milioni 35, wengi wao katika mkoa wa Khyber Pakhtunkhwa, na mji mkuu wa mkoa huo ni Peshawar. Ndio, Peshawar ileile inayosemekana ilitupa jina la mchele wa pishori.

Pakistan ilizaliwa 1947 na hofu mbili. Ya kwanza ni India. Ya pili ni Wapashtun wake. Afghanistan ndiyo nchi pekee iliyopiga kura kupinga Pakistan kuingia Umoja wa Mataifa mwaka huo, juu haikuukubali ule mpaka, na kwa miaka mingi Kabul ilikuwa ikipigia debe wazo la Pashtunistan. Kwa hivyo wakubwa wa jeshi kule Rawalpindi wakaamua kwamba Kabul lazima wawe na watu wao. Lakini si Mpashtun yeyote. Anayesema mimi ni Mpashtun kwanza, huyo ni hatari, kesho atadai nchi. Anayesema dini kwanza na mpaka baadaye, huyo anafaa. Ukielewa hapo, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Desemba 1979 Wasovieti wanaingia Afghanistan. Vijiji vinapigwa mabomu kutoka angani, na watu zaidi ya milioni tatu wanavukia Pakistan, wengi wao Wapashtun. Marekani na Saudia wanamwaga pesa na silaha. Kila kitu kinapitia mikononi mwa ISI, shirika la ujasusi la Pakistan, na ISI ndiyo inaamua nani apewe. Vyama saba vya mujahidina, vyote vya kidini, vinapewa kibali Peshawar. Watu wa siasa ya Kipashtun, watu wa mrengo wa kushoto: nje. Na kati ya hao saba, kipenzi cha ISI ni Gulbuddin Hekmatyar.

Sasa sikia venye maoni ya umma yanatengenezwa. Mkimbizi akifika kambini, ili apate mgao wa chakula alihitaji kuandikishwa na kimojawapo cha vile vyama saba. Fikiria wewe ni mzee umevuka milima na watoto, mbuzi wako wamekufa njiani, na mtu ameketi mezani anakuuliza wewe ni wa chama gani. Utajibu nini? Utajibu chochote kinacholeta unga. Halafu mtu anazihesabu hizo kadi, anasema, "Unaona? Watu wetu hawa, wako nyuma yetu."

Mwaka 1987 mtu mmoja aliamua kufanya jambo ambalo wafadhili wote hawakuwa na haraka nalo. Aliwauliza wakimbizi wenyewe. Jina lake Sayd Bahauddin Majrooh, Mpashtun wa Kunar, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Kabul aliyekimbilia Peshawar na kuanzisha kituo kidogo cha habari za Afghanistan. Kituo chake kikaenda kambini na swali: mnataka nani aongoze nchi? Zaidi ya 70 kwa mia wakamtaja Zahir Shah, mfalme aliyepinduliwa 1973 na ambaye alikuwa anaishi zake Italia. Wale viongozi wa Peshawar, waliokuwa wanapokea silaha na mamilioni kwa jina la wakimbizi hao hao, waliambulia makombo.

Februari 1988 wenye silaha walimfuata nyumbani kwake Peshawar wakamuua. Wengi waliamini ni watu wa Hekmatyar.

Rudia kusoma hapo kama unahitaji. Mtu anauliza watu wake wanataka nini, jibu linatoka tofauti na lile lililolipiwa, anapigwa risasi. Halafu miaka inapita na sisi tunakaa Nairobi tunasema Wapashtun wenyewe ndio walitaka hawa.

Wiki tatu kabla ya Majrooh kuuawa, alikuwa amefariki mjini humo humo Abdul Ghaffar Khan, wanayemwita Bacha Khan. Mwaka 1929 huyu mzee alianzisha Khudai Khidmatgar, yaani watumishi wa Mungu, maelfu kwa maelfu ya Wapashtun walioapa kupambana na Mwingereza bila silaha. Mwingereza alimfunga. Pakistan nayo ikamfunga, miaka mingi. Aliacha wosia azikwe Jalalabad, ng'ambo ya mpaka, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka Khyber kumsindikiza katikati ya vita, mapigano yakasimamishwa ili azikwe. Watu wa vita kwa damu, eh? Hao hao ndio waliunda moja ya harakati kubwa zaidi za amani ambazo dunia imewahi kuona. Tofauti ni kwamba hakukuwa na balozi wa kuifadhili.

Kilichofadhiliwa ni hiki. Miaka ileile ya 1980, Chuo Kikuu cha Nebraska kule Omaha, kwa pesa za serikali ya Marekani, kilitengeneza vitabu vya shule vya Kipashto na Kidari ambamo mtoto alijifunza hesabu kwa kuhesabu risasi na bunduki. Saudia ilimimina pesa kwenye madrasa za mpakani. Simaanishi madrasa zote. Wengi wetu tuna marafiki waliopita madrasa na ni watu poa kabisa. Nazungumzia zile zilizogeuzwa kuwa mlango wa kuingilia vitani, juu kijana maskini alipata pale chakula, malazi na maana ya maisha, na serikali haikumpa hata kimoja.

Na upande wa siasa? Kule maeneo ya makabila, Waziristan, Khyber, Bajaur, sheria ilikuwa ile ya mkoloni ya mwaka 1901. Mmoja akikosa, ukoo mzima unaweza kuadhibiwa. Kura ya kila mtu mzima ilifika huko 1997. Vyama vya siasa viliruhusiwa kufanya shughuli zao 2011. Sheria yenyewe ilizikwa 2018. Yaani kwa miongo mzima, mtu wa chama akija kufanya mkutano ni kosa, lakini mpiganaji mwenye bunduki anayeelekea Kabul anapita. Halafu unashangaa sauti iliyosikika huko ilikuwa ya nani?

Wasovieti waliondoka Februari 1989. Mwaka 1992 serikali waliyoiacha ikaanguka, na makundi yaliyofadhiliwa yakaanza kupigana yenyewe. Hekmatyar aliipiga Kabul kwa maroketi, maelfu ya raia wakafa kwenye vita vya hao jamaa. Alipoonekana hawezi kushinda, Rawalpindi ikabadilisha farasi. Taliban walijitokeza Kandahar 1994, wakaingia Kabul 1996, na 1997 ni nchi tatu tu duniani zilizowatambua: Pakistan, Saudia na Falme za Kiarabu.

Nitakuwa mkweli hapa, juu sitaki mtu aseme naficha. Kulikuwa na Wapashtun wengi waliowapokea Taliban kwa mikono miwili. Ukishaishi na mbabe wa vita anayekutoza ushuru kila kona ya barabara na kunyakua watoto wa watu, anayekuja na kuondoa vizuizi unamwona mkombozi. Na 2001 Marekani ilipovamia, hasira ilikuwa ya kweli. Maelfu ya vijana wa Malakand walivuka mpaka nyuma ya mhubiri Sufi Mohammad kwenda kupigana, na wengi hawakurudi. Mwaka 2002 mkoa wa Peshawar uliwapa ushindi muungano wa vyama vya kidini.

Lakini angalia kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo ile nadharia ya damu inakufa. Mwaka 2008 wapigakura wa mkoa huo huo waliwatupa nje wale wa kidini wakachagua ANP, chama kinachofuata nyayo za Bacha Khan. Miaka sita tu. Damu haibadiliki kwa miaka sita. Maoni ndiyo hubadilika, na yalibadilika juu watu waliona kwa macho yao.

Waliona nini? Waliona jeshi lao likipokea pesa za Marekani kupigana na wapiganaji, huku viongozi wa Taliban wa Afghanistan wakiishi Quetta. Kukawa na Taliban wazuri, wanaopigana ng'ambo, na Taliban wabaya, wanaopigana hapa. Mwanakijiji hakuwa na namna ya kuwatofautisha, juu wote walimwomba chakula na wote walimtishia. Mwishoni mwa 2007 wale wabaya wakaungana rasmi kuwa TTP. Mamia ya wazee wa makabila waliuawa, maana mzee anayesikilizwa ni mpinzani wa mwenye bunduki. Kutoka juu zikaja droni za Marekani. Machi 2011, Datta Khel, Waziristan Kaskazini, watu walikuwa wameketi jirga kusuluhisha mgogoro wa mgodi. Kombora likaua kama 40. ANP nao wakawindwa mmoja mmoja. Bashir Bilour aliuawa 2012, na mwanawe Haroon akauawa 2018 kwenye kampeni. Na tarehe 16 Desemba 2014 TTP wakaingia shule ya jeshi mjini Peshawar wakaua zaidi ya watu 140, wengi wao watoto.

Kuna yule Hillary Clinton aliyekwenda Islamabad 2011 akawaambia Wapakistani kwamba ukifuga nyoka uani kwako usitarajie atawauma majirani peke yao. Maneno matamu. Alisahau kutaja nani alileta pesa ya kununulia nyoka.

Januari 2018 polisi wa Karachi walimuua kijana wa Waziristan, Naqeebullah Mehsud. Alipenda kupiga picha zake na kuziweka mtandaoni, alikuwa na ndoto ya uanamitindo. Angekuwa hapa Nairobi ungemfuata. Polisi walisema ni gaidi, uchunguzi ukaonyesha hakuwa, na 2023 mahakama ikawaachilia huru polisi walioshtakiwa. Kifo chake kilimwaga vijana barabarani hadi Islamabad, wakiongozwa na Manzoor Pashteen, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyesomea udaktari wa mifugo. Harakati yao, PTM, ilidai mambo ambayo kijana yeyote wa Kenya aliyeipitia Juni 2024 anaelewa bila mkalimani: rudisheni waliotekwa, acheni kuua watu bila mahakama, toeni mabomu mliyotega ardhini, tuheshimuni kwenye vizuizi vya barabarani. Na kwenye mikutano yao wakasema wazi kwamba nyuma ya huu ugaidi kuna sare za kijeshi.

Hayo ndiyo maoni ya umma ambayo hayakulipiwa na mtu. Serikali ilifanya nini nayo? Iliwaita wasaliti, mawakala wa Kabul na India. Oktoba 2024 ikaipiga PTM marufuku kwa sheria ya ugaidi. Kina Hekmatyar walipewa ofisi Peshawar. Vijana wasio na hata rungu wakapewa marufuku.

Septemba 2021, wiki chache baada ya Taliban kurudi Kabul, mkuu wa ISI, Faiz Hameed, alipigwa picha kwenye hoteli ya Serena mjini humo, kampuni ileile ya Serena ya hapa Nairobi, kikombe cha chai mkononi, anatabasamu. Waziri mkuu Imran Khan alikuwa ameshasema Waafghani wamevunja minyororo ya utumwa. Ilikuwa sherehe. Mwaka uliofuata, wapiganaji wa TTP wakaanza kuonekana tena Swat. Oktoba 2022 gari la shule likapigwa risasi huko na dereva akafa, na maelfu ya watu wakajaa barabarani kusema hawataki tena, si wapiganaji, si operesheni za jeshi. Januari 2023 msikiti ndani ya kambi ya polisi Peshawar ukalipuliwa, zaidi ya watu 80 wakafa, na polisi wenyewe wakaandamana kuuliza nani anawachezea maisha yao.

Sasa Taliban waliofadhiliwa wanashutumiwa kuwahifadhi TTP, yaani wanaifanyia Pakistan kilekile Pakistan ilichoifanyia Kabul. Oktoba 2025 majeshi ya pande mbili yalipigana mpakani hadi Qatar ikaingilia kati. Mchimba kisima ameingia mwenyewe. Ila aliyeko chini kabisa ya hicho kisima si jenerali. Ni mkimbizi Mwafghani aliyeambiwa Oktoba 2023 afungashe arudi, pengine kazaliwa Peshawar na hajawahi kuiona Afghanistan. Ni kibarua wa Chaman, ambako mwaka huo huo watu walianza kukesha barabarani kwa miezi, juu waliambiwa sasa ni pasipoti kuvuka mpaka ambao babu zao waliuvuka kwenda shambani.

Najua utaniuliza: kwani Waafghani wasingesaidiwa dhidi ya Msovieti? Walikuwa na haki ya kupigana, na dunia ilikuwa na haki ya kuwasaidia. Swali langu ni nani alichagua wasaidiwe kupitia nani. Utaniuliza pia: mbona unaisakama Pakistan, kwani Urusi, Iran na India hazikuwa na makundi yao? Zilikuwa nayo, na Marekani baada ya 2001 iliwalipa wababe wa vita walewale waliochukiwa. Hiyo haiitetei Pakistan. Inaongeza tu majina kwenye orodha ya washtakiwa.

Na kabla hatujajiona sisi ni watazamaji, tukumbuke kwamba Kenya imeshaingia darasa hilo. Tuliingia Somalia Oktoba 2011 tukaegemea kundi la Ahmed Madobe, ambaye leo ndiye mkuu wa Jubaland. Machi 2020 wapiganaji wa Jubaland na jeshi la Mogadishu walipigana Bula Hawa, hatua chache tu kutoka Mandera, na 2025 viongozi wa Mandera walilalamika hadharani kwamba askari wa Jubaland wamevuka na kupiga kambi upande wetu. Februari 2025 RSF ya Sudan ilipewa ukumbi wa KICC ikafanya mkutano wake, tukaambiwa ni mambo ya amani. Kuna mtu yeyote alimuuliza mama wa Mandera anaonaje? Halafu siku Mkenya Msomali akisema haamini serikali, tutasema ni tabia yao. Kauli ni ileile, jina tu limebadilishwa.

Kwa hivyo mtu akikuambia tena jamii fulani inapenda vita, usibishane naye kuhusu damu na utamaduni. Muulize maswali matatu. Nani alikuwa anagawa chakula? Nani alikatazwa kufanya mkutano? Na aliyewauliza watu wenyewe wanataka nini, yuko wapi sasa?

Kwa Wapashtun jibu la swali la tatu linajulikana. Yuko kaburini tangu Februari 1988, na majibu aliyokusanya hayajafanyiwa kazi hadi leo.